Tusitala, Mgeni wa Visiwani

Wazee wetu husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni hii: mgeni hupokewa vizuri, hupewa maji na chakula na mahali pa kulala. Lakini akikaa, imempasa naye ashike kazi pamoja na wenyeji wake.

Leo tutasoma habari za mtu mmoja aliyefika kama mgeni katika visiwa vya mbali sana. Alifika kwa merikebu nzuri aliyoikodi kwa fedha zake. Alikuja kutafuta afya yake mwenyewe. Lakini alikaa, akapewa jembe, wala hakulikataa. Jina lake lilikuwa Robert Louis Stevenson.

1. Mtoto wa wajenzi wa minara

Louis alizaliwa tarehe 13 Novemba 1850 katika mji wa Edinburgh, nchi ya Uskoti. Uskoti ni nchi ya baridi, ya mvua na upepo mkali. Baba yake na babu yake walikuwa wajenzi wa minara ya taa. Mnara wa taa ni nyumba ndefu ya mawe, iliyojengwa kando ya bahari au juu ya mwamba katikati ya maji. Usiku taa kubwa huwaka juu yake, ili mabaharia waone mahali pa hatari.

Ninyi watoto wa Kisangani mwajua jinsi mawe ya mto yalivyo hatari. Mwawaona Wagenia wakipita kwa mitumbwi yao kati ya maporomoko, na hakuna apitaye pale asiyejua njia. Baharini ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kazi ya jamaa ya Stevenson ilikuwa kazi ya heshima, maana iliokoa watu wengi.

Baba alitaka mwanawe aishike kazi hiyo. Lakini Louis alikuwa mtoto dhaifu. Tangu udogo wake mapafu yake yalikuwa na ugonjwa. Usiku mwingi hakulala kwa sababu ya kukohoa, na yaya wake alikaa karibu na kitanda chake akimsomea na kumsimulia hadithi. Hivyo mtoto alizipenda hadithi kuliko vitu vyote. Alipokuwa kijana alijifunza kwanza kazi ya baba yake, kisha akajifunza sheria hata akapata cheo cha wakili mwaka 1875. Lakini moyo wake haukuwa huko. Alitaka kuandika vitabu.

Mwaka 1880 alimwoa Fanny, mwanamke wa Marekani aliyekuwa na watoto wawili. Siku moja ya mvua, mwaka 1881, Louis na Lloyd, mtoto wa kiume wa Fanny, walikaa nyumbani wakichora. Wakachora ramani ya kisiwa. Kisiwa hicho hakikuwapo duniani, kilikuwa katika mawazo yao tu. Kutoka katika ramani hiyo Louis alitunga hadithi ya watoto juu ya mabaharia wabaya na mali iliyofichwa ardhini. Kitabu kilitoka mwaka 1883. Kilimpa sifa kubwa, na baadaye kilifasiriwa hata katika Kiswahili, kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina.

Tazameni basi: alikuwa ameandika juu ya kisiwa cha mbali, naye hajakiona hata kimoja katika bahari zile za joto.

2. Merikebu iliyoitwa Casco

Sifa haiponyi mapafu. Mara kwa mara Louis alitema damu. Alikwenda Uswisi na Ufaransa kutafuta hewa nzuri, lakini hakupona. Baba yake alipokufa mwaka 1887, alipata urithi wa fedha. Mwaka uliofuata akaamua kutumia sehemu kubwa ya fedha hizo kwa safari ya bahari. Rafiki zake walishangaa, maana hawakufikiri kwamba mtu mgonjwa vile angerudi salama.

Katika mji wa San Francisco, Marekani, palikuwa na merikebu ya matanga iitwayo Casco. Haikuwa merikebu ya biashara. Ilikuwa mali ya tajiri mmoja, aliyeitengeneza kwa ajili ya kutembea baharini na kujifurahisha. Ilikuwa na milingoti miwili na urefu wa zaidi ya meta 28. Rangi yake ilikuwa nyeupe, na vyumba vyake vilikuwa na viti vyenye vitambaa vya thamani. Louis alikubali kulipa dola 500 kila mwezi, na hizo zilikuwa fedha nyingi sana siku zile.

Walipanda Louis, mke wake Fanny, kijana Lloyd, na mtumishi wao mmoja. Tena alipanda mama yake Louis, mjane wa miaka 59, ambaye hakutaka kubaki nyumbani peke yake. Yasemekana kwamba nahodha alipomtazama abiria wake alivyokonda, alichukua kwa siri vitu vya kumzikia mtu baharini.

Tarehe 28 Juni 1888 walitweka matanga, wakaondoka.

3. Siku thelathini za maji

Watoto, toka Kisangani mpaka baharini kwa kufuata mto ni zaidi ya kilometa 2000. Lakini abiria wa mtoni huona nchi kavu kila siku, kulia na kushoto. Hushuka kununua ndizi na samaki. Abiria wa Casco hawakuona nchi kavu siku 30. Waliona maji, mbingu na ndege tu. Merikebu ya matanga haina mashini ya kuisukuma. Upepo ukivuma, inakwenda. Upepo ukitulia, inakaa kama jani juu ya maji.

Lakini ajabu! Kadiri walivyokwenda kusini, Louis alipata nguvu. Joto lilimfaa. Alikaa nje juani, akala, akacheka. Nahodha hakuhitaji vile vitu vya mazishi.

Tarehe 28 Julai, alfajiri, waliona milima mirefu ikitokea katika giza. Kilikuwa kisiwa cha Nuku Hiva, kimoja cha visiwa vya Marquesas. Walipotia nanga, mitumbwi ilikuja mingi, na wenyeji wakapanda merikebuni. Walikuwa wanaume warefu, na ngozi zao zilichorwa michoro mizuri toka kichwa mpaka miguu. Walileta nazi na ndizi na vikapu ili wauze kwa bei kubwa. Wageni wasiponunua, walicheka. Louis aliona haya na hofu. Alikuwa amesoma kwamba watu hao waliwahi kula watu. Wala hakujua hata neno moja la lugha yao.

Lakini alikaa, akatazama, akafikiri. Akakumbuka watu wa milimani kwao Uskoti. Wao pia walikuwa na makabila na wakuu wao, walipigana vita, na Wazungu wengine waliwaita washenzi. Basi akapata njia ya kufanya urafiki. Alipotaka kujua mila ya wenyeji, hakuanza kwa kuuliza maswali kama mwandishi wa kodi. Alianza kwa kuwapa hadithi ya kwao. Yeye akitoa hadithi ya mzimu wa Uskoti, mzee wa kisiwani alitoa hadithi ya mzimu wa kisiwa. Hivyo walikaa kama watu wawili waliobadilishana zawadi.

Aliona pia jambo la huzuni. Watu wa Marquesas walikuwa wakipungua sana. Merikebu za wageni zilileta bidhaa, lakini zilileta pia ndui na kifua kikuu. Vijiji vizima vilikuwa vimebaki mawe tu ya misingi ya nyumba. Louis, ambaye alikuja kutafuta afya ya mapafu yake, aliona kwamba wageni waliotangulia waliwaletea wenyeji ugonjwa.

4. Mlingoti uliooza

Kutoka Marquesas walisafiri mpaka Tahiti. Huko Louis akaugua tena vibaya. Wakamchukua hata kijiji cha Tautira, mahali pa utulivu. Bibi mmoja wa ukoo wa wafalme, jina lake Moe, alisikia kwamba kuna mgonjwa, akaja. Kila siku alimtengenezea samaki wabichi katika maji ya ndimu na tui la nazi, mpaka mgonjwa akapata nafuu. Kisha mkuu wa Tautira, mtu mrefu mwenye nguvu aliyeitwa Ori, aliwapa wageni nyumba yake wakae.

Siku moja mama yake Louis aliwaalika wanawake wa Tautira waje kuitazama merikebu. Walipokuwa ndani, mama mmoja mzee aliomba Mungu, kama liko jambo baya katika merikebu hiyo, lionekane mapema. Walipokwisha kushuka, nahodha alikwenda kuangalia milingoti. Akaona kwamba mmoja ulikuwa umeoza ndani, karibu kuvunjika. Kwa nje ulikuwa unang'aa kwa rangi nzuri. Kama wangekutwa na tufani baharini, wangalikufa wote.

Casco ikaenda polepole mpaka bandari ya Papeete kutengenezwa. Wageni wakabaki kijijini wakingoja. Juma moja likapita, la pili likapita, merikebu haikurudi. Chakula chao kikaisha, hata fedha hawakuwa nazo. Yule tajiri wa merikebu nyeupe sasa alikuwa maskini kuliko mtu yeyote wa Tautira.

Ndipo Ori alipokuja akawaambia kwamba wao ni ndugu zake, na chakula chake ni chakula chao, hata wakikaa muda gani. Louis aliposikia hayo alilia. Tena Ori akachukua vijana, akaenda kwa mashua mpaka Papeete katika bahari mbaya, akapata habari za Casco, akarudi na vyakula. Kwa desturi ya kisiwa, wanaume hao wawili walibadilishana majina. Ori akaitwa Rui, yaani Louis kama watu wa Tahiti wanavyoweza kulitamka, na Louis akapewa jina la ukoo wa Ori.

Walipoagana siku ya Noeli ya mwaka 1888, pwani yote ilijaa machozi. Louis alikuwa na deni moyoni, na deni la namna hiyo halilipwi kwa dola.

5. Kisiwa cha Padri Damiano

Mwezi wa Januari 1889 Casco ilifika Honolulu katika visiwa vya Hawaii. Hapo Louis aliirudisha kwa mwenyewe.

Katika Hawaii kuna kisiwa kinachoitwa Molokai. Siku zile ukoma haukuwa na dawa. Leo una dawa, na mgonjwa akitibiwa mapema hupona kabisa. Lakini wakati ule serikali ya Hawaii iliwakamata wenye ukoma, ikawatenga na jamaa zao, ikawapeleka Molokai, mahali penye bahari mbele na mlima mrefu nyuma. Aliyepelekwa huko hakurudi.

Mwaka 1873 padri mmoja Mbelgiji, Damiano wa Veuster, mzaliwa wa kijiji cha Tremelo, alikwenda kukaa nao. Aliwajengea nyumba na kanisa, akafunga vidonda vyao, akawachimbia makaburi. Mwisho yeye mwenyewe akapata ukoma. Akafa tarehe 15 Aprili 1889.

Mwezi uliofuata Louis alikwenda Molokai. Katika chombo walikuwamo masista wawili waliokwenda kuwatunza wagonjwa, na mmoja wao alikuwa akilia kimya. Walipokaribia pwani, waliona kundi la watu wenye nyuso zilizoharibika wakiwangoja. Louis mwenyewe aliogopa. Lakini alishuka pamoja nao, akakaa karibu siku nane.

Palikuwa na nyumba ya wasichana wenye ukoma, iliyotunzwa na Mama Marianne na masista wake. Louis alicheza nao kila siku mchezo wa kugonga mipira ya mti. Aliambiwa avae glavu mikononi. Hakukubali, kwa sababu glavu zingewakumbusha wasichana ugonjwa wao. Alipoondoka aliwatumia piano, wapate kuimba na kucheza.

Aliwauliza watu wengi pia habari za Padri Damiano. Hakutafuta sifa tupu. Aliambiwa kwamba padri alikuwa mtu mwenye hasira za upesi, na kwamba hakujua kuwaongoza wenzake kwa upole. Lakini aliambiwa pia matendo yake yote. Louis akaandika yote mawili.

6. Barua

Mwezi wa Februari 1890 Louis alikuwa Sydney, Australia. Huko akasoma gazetini barua ya mchungaji mmoja wa Honolulu. Mchungaji huyo alisema kwamba Padri Damiano alikuwa mtu mchafu na mkaidi, na kwamba ukoma ulimpata kwa mwenendo wake mbaya.

Fikirini, watoto. Damiano alikuwa amekwisha kufa, hakuweza kujibu. Wenye ukoma wa Molokai walimjua, lakini nani angewasikiliza? Stevenson hakuwa Mkatoliki. Alilelewa katika kanisa la Waprotestanti, kama mchungaji yule. Tena katika nyumba ya mchungaji huyo aliwahi kupokewa kwa wema. Angeweza kunyamaza.

Aliwaita jamaa zake. Akawaeleza kwamba anataka kuandika jibu, lakini akishitakiwa kwa jibu hilo, anaweza kupoteza mali yote, na wao watakuwa maskini pamoja naye. Wote wakakubali. Akaandika. Hakuficha makosa ya Damiano, ila alionyesha kwamba mtu mwenye makosa alikwenda mahali ambapo watu wasio na makosa hayo hawakwenda, akafa huko kwa ajili ya wengine. Barua hiyo ilisomwa katika dunia nzima. Louis hakushitakiwa. Wenye kuchapa vitabu walipotaka kumlipa, alikataa kuchukua hata senti moja.

Baadaye alikiri kwamba maneno yake juu ya mchungaji yalikuwa makali mno. Hilo nalo ni jambo la kukumbuka: mtu anaweza kutetea haki, kisha akaona haya kwa ukali wa ulimi wake.

Kanisa Katoliki lilimtangaza Damiano kuwa mtakatifu mwaka 2009, na Mama Marianne mwaka 2012.

7. Tusitala

Louis hakurudi tena Uskoti. Waganga walimwambia kwamba baridi itamwua. Alinunua shamba katika kisiwa cha Upolu, nchi ya Samoa, mahali paitwapo Vailima. Hapo mgeni alishika jembe kweli. Asubuhi alifyeka majani kwa panga, na mikono yake ikatoka damu kwa miiba. Kisha aliandika vitabu. Watu wa Samoa walimwita Tusitala, maana yake mwandishi wa hadithi. Mwaka 1891 hadithi yake moja, ya mzimu ndani ya chupa, ilichapwa katika lugha ya Kisamoa, nao waliisoma kwa furaha.

Lakini nchi haikuwa na amani. Udachi, Uingereza na Marekani ziligombania Samoa, kila moja ikitaka mfalme wake. Mwaka 1893 vita vikatokea. Mkuu mmoja aliyeitwa Mataafa alishindwa, akahamishwa mbali. Wakuu waliomfuata walitiwa gerezani katika mji wa Apia.

Wazungu wengi hawakutaka kuonekana karibu na gereza hilo. Tusitala alikwenda. Aliwapelekea chakula na tumbako, alikaa nao chini, akawaombea kwa wenye serikali. Pia aliandika katika magazeti ya Uingereza juu ya udhalimu aliouona, hata maofisa wengine walitaka afukuzwe nchini.

Mwaka 1894 wafungwa walifunguliwa. Wakafanya shauri, wakaenda Vailima. Nyumba ya Tusitala ilikuwa mwituni, na njia yake ilikuwa ya matope. Wakuu wakasema kwamba watamtengenezea barabara. Ninyi mwajua kwamba kulima barabara ni kazi nzito, na kwamba watu huilaumu wakilazimishwa. Watu wa Samoa waliichukia kazi hiyo pia. Lakini wakuu hao waliifanya kwa mikono yao wenyewe, bila mshahara na bila kuamriwa na mtu. Wakaiita Njia ya Moyo wa Upendo.

8. Mlimani

Haikupita miezi mingi. Tarehe 3 Desemba 1894, jioni, Louis alikuwa akimsaidia mke wake kutengeneza chakula. Ghafula alishika kichwa chake, akaanguka. Mshipa ulikuwa umepasuka ndani ya kichwa. Usiku ule akafa. Alikuwa na miaka 44. Mapafu, aliyoyaogopa maisha yake yote, siyo yaliyomwua.

Watu wa Samoa walikesha karibu na mwili wake usiku kucha. Alikuwa ametaka azikwe juu ya mlima Vaea, na huko hapakuwa na njia. Asubuhi wanaume walipanda na mapanga na mashoka, wakafungua njia katika mwitu. Kisha wakambeba mabegani, wakipokezana, mpaka juu. Kaburi lake liko huko hata leo, nalo latazama bahari.

Merikebu nyeupe ilimfikisha visiwani kama mgeni tajiri. Lakini mabega ya wenyeji ndiyo yaliyompeleka mlimani, naye alikuwa mtu wa kwao.

Maswali

1. Baba yake na babu yake Louis walifanya kazi gani? Kazi hiyo ilisaidia watu gani?
2. Kwa nini Louis aliikodi merikebu Casco?
3. Louis alifanya nini ili wazee wa visiwani wampe hadithi zao?
4. Ori aliwatendea nini wageni walipokosa chakula?
5. Kwa nini Louis hakukubali kuvaa glavu Molokai?
6. Jamaa za Louis walikubali hatari gani alipotaka kuandika barua?
7. Elezeni methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la Tusitala lilikuwa nini?